Suti ya Rangi ya Maziwa kwenye Benchi la Nyuma

Mtaa wa Kataki,
Kalemie,
17 Julai 2024

Mpendwa Yaya Rebecca, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe na shemeji François huko Kigoma, ng'ambo ya ziwa letu. Natumaini goti la shemeji limeacha kumsumbua, na kwamba wewe bado una nguvu za kugombana na wauza mkaa. Sisi huku tu wazima. Laure alilazwa na malaria wiki mbili, sasa amepona. Nimejua amepona kwa sababu ameanza tena kunisema.

Mikebuka, wale samaki wa ziwa letu, imekuwa mingi mwezi huu. Tunaila asubuhi na jioni, hadi watoto wanauliza kama nyama imekatazwa. Mlango wa jikoni niliutengeneza kwa mikono yangu, na umeharibika tena.

Najua, Yaya, hukufungua bahasha hii kwa ajili ya mlango. Unangoja habari moja tu, nami nazunguka mbuyu. Nimesikia umeshawatangazia wanawake wote wa sokoni kwako kwamba mdogo wako ni pasta. Basi tafuta mahali ukae kwanza.

Unajua Papa Kalenga, mchungaji wetu mzee, anapumzika mwaka huu. Askofu alikuwa aje Jumapili iliyopita kumtangaza atakayeshika kanisa baada yake, na majina yalikuwa mawili: langu na la Jean-Luc, yule mwalimu mwembamba. Jean-Luc akihubiri huwezi kumsikia ukiwa benchi la tatu. Mimi nikihubiri, walioko bandarini wanatubu. Niliona jambo limekwisha.

Kumbe Papa Kalenga aliniita nyumbani kwake, akanipa chai, akaniambia: "Michée, unahubiri muzuri. Lakini kiti cha mbele kinakupenda sana." Neno hilo lilinichoma. Ni kweli niliandika jina langu kwa wino nyuma ya kile kiti chenye mto, lakini ni kwa sababu watu huchanganya viti.

Nikaamua kumwonyesha unyenyekevu hadi aombe nipunguze. Jumapili iliyotangulia nilihubiri juu ya yule aliyealikwa karamuni akachagua kiti cha mwisho, hadi mwenye karamu akamwambia apande mbele. Niliwaka, Yaya. Niliwakemea mabinti wa protokole, wale wenye kazi ya kuwapanga watu vitini, kwa kuwa humwinua maskini ili tajiri akae. Nikawaambia kuanzia leo mtu akikaa, amekaa. Emilie, mkubwa wao, aliliandika hilo kwenye daftari lake. Ningeliona daftari lile mapema, ningelila.

Sasa nikuambie siri yangu, maana wewe ndiye uliyenilea na huwezi kunikataa tena. Nilipanga siku ya askofu nikae nyuma kabisa. Askofu angeuliza niko wapi, angenifuata mwenyewe, angenipitisha katikati ya watu wote. Mtaka cha mvunguni huinama, nami niliinama kweli, ila jicho lilikuwa mvunguni muda wote. Nilivaa ile suti ya rangi ya maziwa uliyonitumia, nikajipaka manukato. Laure akaniuliza manukato yote yale ni ya benchi gani.

Benchi la mwisho, karibu na mlango, ni la akina mama wenye watoto wachanga. Nilijibana hapo. Jean-Luc alifika, akaonyeshwa kiti mbele, akakaa bila maneno. Wimbo wa kwanza ukapita, nikakohoa. Wa pili ukapita, nikakohoa kwa sauti ya kuhubiri. Emilie akaja. Nikaliweka koti sawa, akainama akaninong'oneza: "Papa, usiogope. Ulisema muntu akikaa, amekaa. Hata askofu aniombe, sitakutoa hapa." Akaenda zake akiwa na furaha ya mtu aliyelitii Neno.

Hapo kwaya ikaitwa. Chancelle, binti wa jirani yetu, anaimba sauti ya kwanza, na alikuwa kando yangu na mtoto wake wa miezi mitano. Hakujali mimi ni nani. Alinipakatisha mtoto mapajani, maana wa benchi lile ndiyo kazi yao, akaenda kuimba. Mtoto alinitazama kidogo, akalala. Baadaye nikasikia joto. Joto likashuka gotini. Wewe uliichagua suti hiyo, Yaya, unajua rangi ile haifichi kitu.

Ndipo askofu akasimama, akauliza: Papa Michée yuko wapi? Kanisa zima likageuka. Saa niliyoitamani wiki nzima imefika, na siwezi kusimama. Akaniita mara ya pili. Nikamkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi, nikatabasamu. Basi askofu akashuka mwenyewe, akapita katikati ya watu kama nilivyopanga, akaniona na mtoto amelala kifuani. Machozi yakamlenga. Akageuka, akasema: "Wandugu, tunamutafuta muntu mwenye anaitwa mbele na hataki kuamusha mutoto. Huyu njo muchungaji wenu."

Vigelegele, Yaya. Aliyetangulia kupiga makofi ni Jean-Luc, na alipiga kwa furaha ya kweli, nilimtazama nikitafuta kijicho, sikukiona.

Nikanyamaza. Kwako sitaficha: kwaya iliimba wimbo mzima wenye beti tatu, na mimi ninajua ukweli, na ninanyamaza. Uchungaji ulikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nikiwaza tu namna ya kutembea.

Jean-Luc akaja kumpokea mtoto ili nipande. Alipomwinua, aliona. Hakucheka, hakuita mtu. Alimpa mtoto Chancelle, aliyekuwa amerudi kutoka kwenye kwaya, akavua koti lake jeusi, ndilo pekee alilo nalo, akanifunga kiunoni kwa mbele haraka kana kwamba ananikumbatia, akasema kwa ile sauti yake isiyosikika: "Twende, kaka. Nitatembea nyuma yako, hawataona." Chini ya koti shati lake lilikuwa limepasuka mgongoni, nalo likaonekana na watu wote.

Njia ile ni hatua ishirini hivi. Nilikuwa nikisikia viatu vyake nyuma yangu, akipunguza mwendo nikipunguza. Nilitaka dunia inimeze. Nilipofika mbele, niliona nikinyamaza tena nitanyamaza hadi kaburini.

Nikasema: "Baba Askofu, nilikaa nyuma kusudi niitwe mbele. Na sikusimama kwa sababu mutoto alinikojolea. Huyu mwenye munatafuta, njo huyu amenifunika."

Nikafungua koti, wakaona.

Kanisa lilicheka hadi kina mama wa nyuma wakashikana. Papa Kalenga alicheka hadi akainamisha kichwa magotini, nasi tukahofia moyo wake. Askofu alijaribu kujizuia kwa heshima ya cheo, akashindwa. Jean-Luc peke yake hakucheka. Alikuwa akitikisa kichwa, akisema hapana, hapana, siyo mimi.

Askofu alipomaliza kucheka alimtangaza Jean-Luc, basi mchungaji ni yeye. Uwaambie wanawake wa soko, na kama watakucheka, nisamehe, dada yangu. Najua ulivyojivuna kwa ajili yangu, na hilo linaniuma kuliko vicheko vya hapa. Emilie naye amekasirika, anasema nilimvunjia sheria kwa kutoka kitini.

Siku hiyohiyo wazee wa kanisa tuliitwa kumwekea Jean-Luc mikono. Nilipopiga hatua kwenda kwake, wivu ulinishika, sikudanganyi. Lakini askofu alikuwa ameshauchukua mkono wangu, na ulipotua juu ya kichwa cha Jean-Luc nikasikia kichwa chenyewe kinatetemeka. Yaya, yule mtu alikuwa akiogopa. Katika miaka yote niliyokitaka kiti kile, mimi sikuwahi kukiogopa hata siku moja.

Unisalimie shemeji François, mtoto wako Caleb na Mama Bertille wa duka la nyavu. Laure anakukumbatia. Anasema doa limetoka, lakini yeye husema hivyo kuhusu mambo mengi. Mungu awalinde nyumbani na safarini, na awape usingizi mwema.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda,

Michée,
mzee wa kanisa tu (na hiyo "tu" niliifuta mara mbili kabla ya kuiacha).