Kibao Changu Kilibaki Upande wa Baharini

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi maana nimeyakoroga.

Mimi ni fundi cherehani, na pia najitolea kwenye boti ya uokoaji, na kituoni kwetu kuna ubao wenye pande mbili, nchi kavu na baharini, kila mtu na kibao chake, ukitoka unakihamisha mwenyewe na ukirudi unakirudisha mwenyewe, mwingine haruhusiwi kukigusa. Sasa Jumapili asubuhi tulikwenda kuvuta mashua iliyozimika injini, bahari shwari, hatukulowa hata tone, nami nilikuwa na gauni la bibi harusi halijatiwa zipu na mwenyewe analitaka saa saba, basi boti ilipogusa gati nikaruka wa kwanza, wenzangu wakihangaika na kamba hakuna aliyeniona, nikakimbilia dukani, simu nikaiacha kabatini na kibao nikakiacha baharini. Nikajifungia, nikashona na jaketi la kuelea bado kifuani. Kumbe wenzangu wameangalia ubao, wamerudi majini, wananitafuta masaa matatu. Nikasikia mtu nje ya mlango anasema fundi amezama, maskini, na kitambaa changu anacho.

Mshauri, nilishikwa na aibu. Badala ya kufungua mlango nikatokea uani, nikajimwagia ndoo ya maji ya bomba, nikateremka ufukweni nikasema niliteleza gatini, mkondo ukanichukua, nimeogelea. Walilia. Nahodha wetu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alinikumbatia, kisha akakabidhi funguo za boti kituoni, anasema aliyeacha mwenzake majini hafai kushika usukani. Ameushika miaka kumi na tisa. Jumamosi mimi napewa cheti cha ushujaa na yeye anaaga. Nikisema ukweli nitachekwa mpaka nazikwa, nikinyamaza silali. Nifanyeje?

Fundi Aliyezama


Fundi,

Marahaba, na pole kwa kuogelea kwenye ndoo.

Kusahau kibao ni haraka tu, inamtokea yeyote. Lakini ndoo hukuisahau, uliijaza mwenyewe. Wenzako wametafuta maiti yako masaa matatu, nawe unataka wakupigie makofi.

Unaogopa kuchekwa. Utachekwa, tena sana, na wateja watakuuliza kama gauni limekauka. Vumilia. Siku boti itakapotoka bila nahodha mzoefu, atakayekuwa majini hatakuwa na mlango wa uani.

Usingoje Jumamosi. Nenda leo kwa shemeji yako, kwa miguu yako, si kwa simu. Mweleze yote na ndoo usiiruke. Kisha nendeni kituoni, umrudishie funguo mbele ya wenzenu. Cheti usikiguse.

Halafu nikuulize, shati la siku ile alifua nani? Nguo iliyolowa maji ya bahari hukauka na chumvi, na dada wa nahodha hahitaji kufundishwa hilo. Amejua tangu Jumapili, anamwona kaka yake anavunjika moyo, na bado anakupakulia chakula akingoja useme. Kabla hujavaa viatu, anza na yeye.