Hesabu za Daraja la Majani

Kisumu,
Jumatano, 16 Oktoba 1996

Mpendwa dada Dorcus,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe na shemeji Arasa pamoja na watoto. Sisi huku tu wazima, ila wifi yako Akello alisumbuliwa na malaria wiki mbili, na sasa ameanza kula vizuri. Mvua huko Merigi imekuwaje? Syprose, aliyekuja huku juzi kutoka kwenu, aliniambia majani ya chai ni mengi mpaka lori linaacha mengine kituoni. Yeye ndiye anakuletea barua hii kwa mkono, maana posta siwezi kuingojea.

Barua yako niliipata Jumatatu. Umesema daraja la miguu la kwenda kituo cha kupimia majani linafunguliwa Jumatatu ijayo, na kwamba Aron amekuja kwako tena, mara ya tatu sasa, kuuliza kama kweli hesabu zangu za lile daraja zilipotea. Umesema umechoka kumwona mtu mzima amekaa sebuleni kwako ameshika kofia. Dada, nisikufiche, nilifurahi. Pale pa kofia nilisoma mara mbili.

Unamjua Aron, lakini hujui yote. Nilimchukua akitoka chuoni, hajui hata kupima mteremko wa mtaro. Miaka miwili alikula kwangu, na Akello akimfulia mashati. Halafu mwezi wa pili kamati ya daraja ikaniita, mwenyekiti akaniambia kwa upole kwamba kazi yangu imekwisha, injinia wanaye. Michoro ilikuwa mezani. Ni mkono wangu kabisa, lakini pale chini jina langu lilikuwa limekwanguliwa kwa wembe, na juu yake Aron ameandika lake. Mwenyewe alikuwa ameketi pale pale. Nilimuuliza kama ana la kusema.

"Mzee," akaniambia, "michoro ni ya kamati."

Basi, hilo tu. Mzee! Mpaka leo neno hilo likinijia nikiwa mezani naacha chakula.

Na kweli, mkataba uliandikwa hivyo. Lakini hesabu hazikutajwa popote, kwa hivyo nikaondoka na daftari langu. Nikasema moyoni, umetaka mchoro, shika mchoro. Mchoro utakuonyesha unene wa waya unaoshikilia daraja, hautakuambia kwa nini. Mwezi wa nne akaniandikia. Aliuliza mbona waya ni mnene hivyo na hata ng'ombe hapiti pale, na kama angeweza kuweka mwembamba. Sikumjibu. Barua zake mbili zilizofuata nilizitia jikoni zikawasha moto. Orina, injinia mwenzangu hapa kazini, alinikemea. Alisema mtu akiacha kazi aache na hesabu zake, kwa sababu watakaopita darajani hawakugombana na yeyote. Nilimwambia anyamaze, yeye hajawahi kukwanguliwa jina.

Sasa nifike pale ninapoogopa. Dada, daftari halikupotea. Nilikudanganya. Nilikuambia lilinyeshewa tulipokuwa tunahama, nawe ukasimama mbele ya kamati nzima ukasema ndugu yako si mtu wa uongo. Liko hapa. Lilikuwa chini ya sanduku la nguo muda huu wote, nami nikizunguka kila mahali nikilia kwamba nimesalitiwa, na huku wewe nimekufanya shahidi wa uongo wangu. Nisamehe, ingawa sijui nitakuangalia vipi usoni.

Kilichonitoa jasho ni ile sentensi uliyoandika kama jambo la kawaida tu, kwamba nyaya zimeshafungwa na zinapendeza, nyembamba kama kidole chako kidogo. Mimi sikuchora waya wa kidole. Aron ni mtoto wa mwenye duka mjini Sotik, hajawahi kubeba kikapu cha majani mgongoni. Nina hakika amehesabu watu wanaopita. Lakini siku ya lori watu hawapiti, wanasimama. Foleni inaanzia kwenye mizani, inateremka mpaka mtoni, inajaa daraja lote, akina mama zaidi ya mia moja na majani yaliyonyeshewa, wakingoja saa nzima. Jana nimepiga hesabu upya kwa waya huo wake. Watu wakishazidi arobaini juu yake, sitaki kukuandikia kinachofuata.

Kurasa sita nimezichana, zimo humu ndani. Mpelekee Aron leo hii, kabla hujavua viatu. Akikataa kusoma, mpelekee mwenyekiti. Wewe na watoto msikanyage pale. Nimeomba ruhusa kazini, nitafika Jumamosi niseme mwenyewe mbele ya kamati kwamba mwongo ni mimi, wala si wewe. Jina la Aron libaki kwenye mchoro akitaka.

Nilipokuwa nazichana nimeona kitu nilichokuwa nimesahau kabisa. Ukurasa wa nne, pembeni, kwa penseli, niliandika: "Foleni hufika ng'ambo. Nimeambiwa na Dorcus." Mimi nisingejua. Nilikuwa nimekuja kupima tu, wewe ndiye uliyeniambia. Na miezi minane nimekaa juu ya hesabu hizo nikisema ni zangu.

Msalimie shemeji, na mama Yunia wa kanisani. Akello anawasalimu wote.

Ni mimi ndugu yako,
Ooko