Kitu Kirefu Begani

Nairobi

Kaka yangu Faki,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mdogo wako Kombo ni mzima wa kiwiliwili. Kichwa ndicho sikijui. Vipi magoti ya mama? Na mgongo wako, au bado unachimba makaburi ya Wambaa nzima kana kwamba wenzio hawana mikono? Barua hii anakuletea Bi Asha wa Jadida, aliyekuja huku kutibiwa macho. Sikutaka kukwambia haya kwa simu. Kazini tulitia saini karatasi ya kutosema tunachokiona, na siku hizi siiamini hata simu yangu mwenyewe.

Baridi nimeizoea. Wenzangu bado wananicheka ninavyozungumza, nami nawacheka wanavyomwogopa pweza.

Mama kila akinipigia huniuliza, "Wachora nini we siku nzima kwenye hiyo kompyuta?" Namjibu nachora vijumba. Si uongo. Tunaletewa video zilizopigwa kutoka juu, hazina sauti wala hazisemi ni nchi gani. Kila kilichomo unakizungushia kijumba, kisha unakichagulia jina kwenye orodha: mtu, mpiganaji, gari, mnyama, mzigo, silaha. Mashine inajifunza kwetu. Inajifunza kwa ajili ya nani, hatuambiwi.

Wiki iliyopita nikapata video ya wanaume wengi wanakwenda mbiombio njiani, wamebeba kitu kirefu mabegani. Wa mbele anatoka, wa nyuma anaingia. Bega moja halikai hatua kumi. Aliye mbali anakimbia ili naye apate kushika. Kaka, midomo yangu ilianza kusema la ilaha illa Allah kabla akili haijaelewa. Lilikuwa jeneza.

Orodha haina jeneza. Nikachagua "mzigo", ikarudi na alama nyekundu, yaani nimekosea. Nikachagua "mzigo" tena, ikarudi tena. Nikamwendea msimamizi wetu, dada mpole, siku niliyougua aliniletea uji. Nikamwambia, "Dada, hawa wanazika."

Akaitazama picha, kisha akatazama mlango. "Kombo, kitu kirefu kwa bega ni silaha. Hivyo ndivyo tumeambiwa. Na wenye wako karibu nayo ni wapiganaji. Wewe weka tu."

Nikamuuliza tumeambiwa na nani. Akasema hata yeye hajui. Maagizo huja kwa barua pepe isiyo na jina la mtu.

Nikaweka, kaka. Silaha moja, na wale watu wote wapiganaji, mmoja mmoja, kwa mkono wangu huu. Alama ikawa ya kijani. Nikaenda kula chakula cha mchana na nikakimaliza, na hilo nalo linanitisha.

Tangu siku hiyo sijielewi. Mara najiambia ni picha tu, labda ya zamani, watu wamezika na wamerudi makwao. Mara najiambia mashine imeshajifunza, na leo kuna msiba mahali, watu wanagombania thawabu za kubeba maiti wao, na juu yao kuna kitu kinawatazama kwa macho niliyokipa mimi. Nikiacha kazi, kiti changu kesho atakikalia mtu asiyejua jeneza linabebwaje. Nikibaki, mimi ninayejua ndiye nitakayeandika silaha. Lipi afadhali? Nakuuliza kweli, maana mwenzio nimeshindwa.

Muulize Shehe wa msikiti wetu, lakini usinitaje. Sema ni mtu tu. Na mama usimsomee haya. Mwambie bado nachora vijumba.

Msalimie shemeji, mwambie nimeukosa mchuzi wake. Msalimie dada yetu Time na wanawe, na ami Khamis aliyenifundisha kuswalia maiti.

Kuna jambo moja bado. Kila baada ya swala ya alfajiri nawasomea Yasini watu wale. Nikifika kwenye dua nakwama. Yule aliyelala ndani ya jeneza najua nimuombee nini. Waliombeba sijui niwaombee umri au niwaombee rehema. Nambie, kaka, niseme ipi.

Ni mimi mdogo wako,
Kombo