Namba za Chevelle ya Baba

Jumatatu, 22 Julai 2024

Mimi ni mjinga. Naandika hilo kwanza, mengine yafuate.

Leo nimesawazisha kwa mashine uso wa bloku, lile pande la chuma la injini, ya Chevelle, gari la zamani la Baba. Kazi ya nusu saa. Nimeifanya miaka ishirini na tisa katika karakana hii hii, kwa injini za watu nisiowajua hata majina. Unaifunga bloku mezani, unapima, unashusha kisu, kinapita mara moja, uso unabaki unang'aa. Redioni walikuwa wanatangaza besiboli, timu yetu ya Tigers inapigwa kama kawaida yake. Mimi napiga mluzi!

Nilipopangusa mafuta ndipo nikaona. Pale mbele, upande wa kulia, kwenye kile kisehemu bapa kilichochomoza — peupe. Namba zilizogongwa kiwandani mwaka 1969, zile zinazothibitisha kwamba injini hii na gari hili vilizaliwa pamoja, hazipo. Nimezifyeka mwenyewe.

Kila mteja wetu hujaziwa kadi. Kwenye kadi kuna kisanduku: linda namba. Kikiwekwa alama, kisu tunakisimamisha kabla hakijafika pale. Kwa Baba sikujaza kadi. Nani anamjazia baba yake kadi?

Jumanne, 23 Julai

Sikula mchana. Duane, mwenzangu wa mashine ya pili, kaniuliza kama naumwa. Nikasema tumbo.

Ngoja niliandike lote, labda litapungua uzito. Baba ana miaka themanini na mitatu. Februari aliteleza kwenye barafu mlangoni, akavunjika nyonga. Tangu Mama afariki anaishi peke yake kwenye ile nyumba ya matofali hapa Hazel Park, choo kiko juu, ngazi kumi na tatu. Dada yangu Bernadette amempatia chumba katika makao ya wazee kule Sterling Heights. Tulikwenda kukiona. Kisafi. Dirisha linatazama maegesho. Baba alikaa kwenye kile kitanda dakika moja, akaomba fimbo yake.

Tuliporudi ndipo alipotoa wazo la Chevelle. Auze gari, choo kijengwe chini, apatikane mtu wa kumsaidia asubuhi na jioni. Bernadette akakubali, lakini kwa sharti: bei ifike pale alipotaja. Isipofika, Septemba mosi Baba anahamia makaoni. Wakapeana mikono kama watu wa chama cha wafanyakazi na mwajiri.

Mnunuzi amepatikana. Bwana Ostrander, daktari wa meno wa Grand Rapids. Atakuja Jumamosi ya tarehe 17 Agosti, siku ya msafara wa magari ya zamani pale barabara ya Woodward. Swali lake la kwanza kwenye simu: namba za injini ni zile zile? Baba akamjibu kwamba alilinunua jipya na hakuna mkono mwingine uliowahi kuligusa.

Bila zile namba, bei inashuka karibu nusu. Kila mtu mji huu anajua hivyo, hata watoto. Mimi nalijua kuliko wote!

Jumamosi, 27 Julai

Nimemwambia Duane. Ilibidi nimwambie mtu.

Hakucheka. Alifunga mlango wa ofisi, akaniambia ana seti ya mihuri ya chuma ya kugongea namba nyumbani kwake, sura ile ile ya kiwandani. Dakika kumi, nyundo moja, halafu tindikali kidogo ili paonekane pamezeeka. Wako wengi wanaoendesha magari yaliyofanyiwa hivyo na hawajui.

Nikakataa. Duane hamjui Baba. Miaka thelathini na moja alifanya kazi kiwanda cha magari na hakuwahi kutoka na hata nati moja mfukoni. Siku moja alirudi getini kwa miguu, theluji inaanguka, kurudisha penseli. Mama alikuwa akiisimulia kila Krismasi na sisi tukimcheka mzee. Nikimgongea namba za uongo kwenye gari lake, afadhali nimpeleke makaoni mwenyewe.

Basi nifanye nini? Sijui. Kweli sijui.

Jumanne, 30 Julai

Injini imerudi ndani ya gari, kwenye gereji ya nyumbani kwa Baba. Imewaka mara ya kwanza. Haivuji, haitoi moshi, haijawahi kuwa na nguvu kama hivi. Kazi nzuri kuliko zote nilizofanya maishani. Nilitamani kulia.

Baba alikuja gereji na kigari chake cha kutembelea, akafungua boneti, akainama pale kwa muda mrefu. Mimi nilijitia natafuta spana. Alipoinuka aliniambia tu nifunge, mvua inakuja.

Jumapili, 4 Agosti

Leo baada ya misa tumeenda kulijaribu Woodward. Mimi kwenye usukani, Baba kando yangu. Perry, mume wa Bernadette, akatufuata na gari lake, saluni ya kifahari ya Kijerumani, ile nyeusi. Taa nyekundu karibu na Ferndale, tukasimama bega kwa bega. Perry akashusha kioo, ananiuliza kama hicho chuma chakavu kina bima.

Baba akasema, "Kanyaga."

Nikakanyaga. Mungu wangu! Boneti ilinyanyuka, tairi za nyuma zikalia, kiti kikanipiga mgongoni. Kelele kiasi kwamba mama mmoja na mbwa wake walirudi dukani. Na Perry? Perry alikwisha kuondoka. Akatuacha kama tumeegesha. Tulimkuta taa inayofuata, kioo kiko chini, kahawa mkononi, hata haijamwagika.

"Shemeji," akaniambia, "mimi hata muziki sikuzima."

Nilidhani Baba atakasirika. Alikuwa anacheka mpaka anashika nyonga. Akainama mbele yangu amwone Perry vizuri. "Mwanangu, hilo lako ulilinunua lini?"

"Miaka mitatu sasa, mzee."

"Kalipeleke kwa muuzaji kesho. Atakupa nusu ya pesa zako na pole." Akapiga dashibodi kwa kiganja. "Hili kila mwaka linapanda. Unajua kwa nini? Cheti chake cha kuzaliwa kiko kwenye chuma. Hakipotei."

Perry akacheka, akainua kahawa yake kumheshimu. Mimi nilitazama taa. Ilikuwa imeshageuka kijani, watu wananipigia honi.

Jumatano, 7 Agosti

Siwezi kuacha kulifikiria. Mchana karakanani nimechukua karatasi, upande mmoja Chevelle, upande mwingine saluni ya Perry. Duane akadhani napanga kununua gari.

Kwa mbio, saluni inashinda, na si kidogo. Kwa breki usiseme: Chevelle ukiikanyagia breki ni kama unaiomba. Kona inaziogopa. Kiangazi unachemka ndani, baridi unagandishwa, na mafuta inakunywa kama harusi ya sisi Wapolandi. Saluni ina viti vinavyokukanda mgongo! Inakuonya ukisinzia. Mtu wa nyonga mbovu kama Baba angepaswa kuota saluni.

Lakini saluni inaliwa na siku. Kila asubuhi Perry akitoka nje inakuwa imepungua thamani kidogo, na hajafanya kosa lolote. Magari haya ya misuli, yaani ya injini kubwa, ya enzi za Baba yalikuwa ya bei nafuu, ya vijana wa kiwandani, na leo madaktari wanayagombania. Hawalipii mbio. Wanalipia kwamba kitu kimebaki kile kile. Na kule kubaki kile kile kuliandikwa mahali padogo kuliko kidole changu gumba, nami nikapita na kisu napiga mluzi. Nimeliongezea gari nguvu na nimelipunguzia thamani siku hiyo hiyo, kwa mkono huo huo.

Nimeichana karatasi.

Jumatatu, 12 Agosti

Leo nilikwenda kumwambia. Nilijifunza maneno njiani.

Alikuwa amepasha pierogi za Bernadette, zile sambusa za viazi za kuchemsha, amenitengea sahani. Kwenye meza kuna mchoro wa choo, kauchora mwenyewe kwa rula: mlango upanuliwe hapa, kishikio hapa, taa hapa. Ananieleza huku penseli inatetemeka mkononi. Anataka vigae vyeupe. Mama alipenda vyeupe.

Halafu akaweka penseli chini. Akaniuliza, "Kaz, injini iko sawa? Hakuna la kuniambia?"

Nikasema iko sawa, Baba.

Akaitikia kwa kichwa, akanisogezea krimu.

Mwoga. Mwoga wa miaka hamsini na sita!

Jumatano, 14 Agosti

Baba kaniomba nimfungulie gereji, nimwekee kiti kando ya Chevelle, halafu nimwache. Anataka kuagana nayo. Akanituma Hamtramck nikamletee mkate wa shayiri, wa duka lile lile, si jingine. Duka lile lina foleni. Nimekaa huko karibu saa mbili nzima.

Niliporudi alikuwa kitini, shati limelowa jasho, kidole gumba kimefungwa karatasi ya chooni yenye damu. Boneti imemfinya, kasema. Nilimwosha na kumfunga plasta. Hakutaka kunitazama. Nikadhani ni uchungu wa kuachana na gari, nikamwacha.

Bernadette kanipigia simu kunikaripia. Ati nimemwachaje mtu wa kutetemeka vile peke yake na vyuma.

Ijumaa, 16 Agosti



Niliingia gereji saa nne asubuhi kupangusa injini kwa ajili ya mgeni wa kesho. Nikafika pale mbele, upande wa kulia. Kitambaa kikakwama.

Namba zipo.

Nilikimbilia tochi. Zipo zote, kwa mpangilio wake, na herufi zake mwishoni. Zimepakwa kitu, pamefifia kama pa zamani. Ukitazama haraka utaamini. Lakini mimi nimeziona namba za namna hii maelfu. Saba imelala upande. Sifuri imegongwa mara mbili, ya kwanza iliteleza. Ni mkono usioweza kushika kijiko cha supu bila kumwaga. Ametumia mihuri ya nani, sijui. Wazee wenzake wa kiwandani bado wapo, kila mmoja ana kisanduku cha zana chini ya ngazi.

Kwa hiyo alijua. Tangu ile tarehe 30 alipoinama pale mimi natafuta spana. Aliniuliza kama nina la kumwambia, akijua. Nikamjibu iko sawa, akijua.

Mtu aliyerudisha penseli!

Niliingia jikoni. Alikuwa anakunywa kahawa, plasta kidoleni. Nikasema, "Nimepangusa injini, Baba."

"Umepangusa vizuri?"

"Ndiyo."

"Basi, vizuri." Akageuza ukurasa wa gazeti. Hakuwa anasoma. Nikatoka nikakate nyasi.

Nikisema, ninamvua nguo mbele ya mgeni na namfungasha kwenda Sterling Heights. Nisiposema, tumemwibia mtu, sisi wawili, Wrobel baba na Wrobel mwana. Na sababu ni mimi.

Jumamosi, 17 Agosti

Naandika nimekaa chooni, juu, mlango nimeufunga. Daftari lilikuwa mfukoni mwa ovaroli.

Ostrander amefika saa tatu na saluni ya rangi ya fedha, haisikiki hata ikiwa inawaka. Nilitaka awe mtu wa kuchukiza. Si hivyo. Amemletea Baba keki. Kabla ya kutazama chochote aliomba injini iwashwe, akasimama amefumba macho. Baba yake alikuwa na moja kama hii, kijani hii hii, akaiuza alipoachishwa kazi kiwandani. Yeye alikuwa na miaka tisa. Anasema aliifuata kwa miguu mpaka mwisho wa mtaa. Baba alimsikiliza huku ameshika fimbo kwa mikono yote miwili.

Alikagua chini, milango, sakafu ya buti. Kila kitu kinampendeza. Bernadette amekaa ngazini, amevaa miwani ya jua, anangoja kusikia bei. Woodward imejaa tangu alfajiri, ngurumo zinafika mpaka hapa.

Kisha Ostrander akatoa tochi na kioo kidogo, kile cha kutazamia meno. Aliinama pale mbele. Alikaa muda mrefu. Alisogea, akaangaza kwa ubavu, akasogea tena. Akauliza bila kuinuka, kwa upole sana, "Mzee, hizi ni zile zile za kiwandani?"

Baba alifungua mdomo. Nilimwona akijaribu. Chuma aliweza kukigonga, lakini neno lilikataa kutoka. Uso ukamwiva, akanitazama mimi, mara ya kwanza tangu Jumatano.

"Muulize mwanangu," akasema. "Yeye ndiye aliyeifungua injini. Hajawahi kunidanganya."

Ostrander akainuka, akanigeukia, anatabasamu, tochi bado inawaka.

Nikasema samahani, naomba kwenda chooni kwanza.

Dakika kumi sasa. Nimefungua bomba wadhani nanawa. Kupitia dirishani nawaona wamekaa kivulini, Baba anamwonyesha kitu kwenye karatasi — ni ule mchoro. Anamweleza vigae.

Bernadette amegonga mlango. "Kaz, kaka yangu, mtu anakungoja. Kuna nini?"

Nimemwambia hakuna, nakuja. Bado amesimama hapo nje, namsikia anavyopumua. Ameshika kitasa.