Komba wa Juu ya Dari

Nyamianda, Uvira

Mama yangu mpenzi,

Barua hii ikukute mzima huko Rurambo, na ng'ombe wakiwa na maziwa. Goti lako linaendeleaje na baridi ya asubuhi? Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio umechoka.

Habari za mtoto wetu ulishazipata. Tangu tumzike, mke wangu Anastazia hakulia wala hakusema. Mimi nilirudi bandarini kubeba marobota ya pamba, maana mzungu wa ghala hakunipa hata nafasi ya kumaliza matanga. Nikitoka kazini namkuta ameketi palepale, chakula hakijaguswa.

Kisha komba akazaa juu ya dari yetu, kati ya mikeka na bati. Watoto wawili, macho tu. Hapo Anastazia akaanza kuinuka. Alipanda kwenye kiti kuwasikiliza, nikirudi ananieleza habari zao. Nilimshukuru Mungu kwa yule mnyama, Mama, nakuambia kweli.

Lakini mwenye nyumba, Mzee Salumu, alipoona mikeka yake imetota mkojo, alikuja juu.

"Miye sitaki munyama mu nyumba yangu. Kama haitoke, leo natia moshi."

"Iko na batoto," Anastazia akamjibu. "Weye unaweza kufukuza mama mwenye kuzaa?"

Mzee akatuachia mpaka kesho yake.

Anastazia ndiye aliyepata njia: tuwashushe watoto pamoja na majani yao, tuwatundike kwenye mpera wa uani, mama yao aje kuwahamisha mwenyewe. Jioni, mama yao alipotoka kutafuta chakula, nikawatia kapuni, nikalifunga kapu tawini, nikaziba tundu la bati alilopitia. Tukaingia ndani, tukala sahani moja. Hata alicheka, nilipokohoa kwa pilipili.

Kapu lile, Mama, lilikuwa la ndagala, wale samaki wadogo tunaowaanika. Tulikuwa tumeliosha vizuri. Wewe ungelisikia harufu yake tangu njiani. Sisi hatukusikia kitu. Siafu walisikia.

Asubuhi mpera ulikuwa mweusi kwa siafu. Tuliyoyaona kapuni sikuandikii. Mama yao alikuwa tawi la juu, anaita. Anastazia akakaa chini, akalia kilio chote alichokizuia makaburini.

Mpaka leo yule komba anarudi kila jioni kwenye mpera, anaita, na mke wangu anaziba masikio. Ameniomba nimtoe hapa, nimlete kwako. Najua ulivyosema kabla ya ndoa yetu, kwamba binti wa wauza samaki hataingia nyumbani mwako na harufu yake. Nakuomba, Mama, mpokee. Hana pengine pa kwenda.

Nisalimie dada anayekukamulia ng'ombe, na mjomba wa machungani, na katekista anayekusomea haya, asiruke neno.

Tukifika mlangoni ukasikia harufu ya samaki, usimtazame yeye peke yake. Nami ninanuka hivyo hivyo, ila siisikii tena.

Mwanao,
Damiano