Hita Mbili za Kaka

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa Kaka,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Mguu uliouumiza kwenye ngazi unaendeleaje? Usijikaze kisabuni, nenda ukamwone daktari. Sisi huku hatujambo. Na mpwa wako, yule aliyekuja duniani kabla ya wakati wake, yu hai na analia kwa sauti. Nimelitanguliza hilo ili usisome ukiwa roho juu.

Kaka, ahsante. Nimeliandika neno hilo, nimelitazama, nimeona ni dogo mno. Punje (ndivyo Mama anavyomwita kwa udogo wake) alipozaliwa, nesi alinionya kuhusu baridi kuliko kitu kingine chochote. Alisema mtoto kama huyu hana mafuta mwilini, chumba kikipoa naye anapoa, na akipoa sana tutampoteza. Ukatuma hita mbili, moja ya Punje na moja ya magoti ya Mama. Wangapi wana kaka kama wewe?

Sasa niruhusu nikuchokoze kidogo. Kweli mganga hajigangi! Wewe uliyenikalisha jikoni enzi zile ukanikaririsha kwamba volti ukizigawa kwa ampea unapata ukinzani, na ukizizidisha unapata wati, hukusoma kibandiko cha nyuma? Hita zimeandikwa volti 120, ampea 10. Hizo ni za huko kwenu. Soketi zetu zinatoa volti 240.

Shemeji yako alikuwa keshashika plagi. Nilipiga ukelele akaiangusha. Nikachukua kalamu: 120 gawanya kwa 10, ukinzani ni omu 12. Omu hizo 12 ukizipa volti 240, zinapitisha ampea 20. Zidisha 240 kwa 20, unapata wati 4,800, kwenye kidude kilichotengenezwa kubeba wati 1,200. Hapo tungepata moto, si joto. Nililia, Kaka. Joto la mwanangu lilikuwa ndani ya boksi na sikuweza kuliwasha.

Alipokuja fundi umeme, jirani yetu mwenye maneno mengi, akatazama hesabu yangu, akatazama maboksi. "Dada, si ziko mbili? Sasa unalia nini? Zifuatane kwenye waya mmoja, zigawane huo umeme." Nikaona aibu na furaha kwa pamoja. Omu 12 na 12 ni 24, mkondo unarudi ampea 10, kila hita inapata volti zake 120 na wati zake 1,200. Fundi akatoboa ukuta, akapitisha waya, hita moja ikakaa kwetu na nyingine chumbani kwa Mama. Zikawaka zote mbili, nikamkumbatia fundi mbele ya mume wangu.

Kosa letu ni kwamba hatukumweleza Mama. Unamjua na swichi zake: hujafika mlangoni, taa keshaizima. Na tangu tumzike Baba amekuwa mtu wa kujifungia. Anakula chumbani, anajibu kwa kichwa, na mjukuu alimchungulia mara moja tu, tena kutoka kizingitini. Nilijua ni majonzi, nikamwacha.

Basi alasiri moja magoti yake yakapata joto la kutosha, akazima hita yake. Mimi nilikuwa uani naanika nepi. Niliporudi, hita yetu ilikuwa baridi kama jiwe. Punje halii. Miguu yake imepoa, midomo imebadilika rangi. Nilimtia kifuani nikapiga kelele ambazo sizikumbuki.

Mama aliingia mbio, yeye na magoti yake hayo. Shemeji yako akamwambia kwa upole kwamba hita hizi umeme wake ni njia moja, ukizima hii na ile inazimika. Mama alikimbia kuiwasha, akarudi, akafungua vifungo vya blauzi, akamchukua Punje na kumlaza kwenye ngozi yake. Tulikaa hivyo mpaka mtoto akaanza kukunja uso na kulia.

"Lia, mama, lia," Mama akamwambia. "Bibi yako nipo."

Jioni hiyohiyo alivuta godoro lake hadi chumbani kwetu. Akamwagiza fundi ahamishe na hita yake, maana swichi atailinda mwenyewe. Ole wake atakayeisogelea! Shemeji yako anaipita kwa mbali. Na Mama sasa anaongea. Anamsimulia Punje habari za Baba, hata zile ambazo mimi na wewe hatukuwahi kuambiwa. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Punje sasa ana kilo tatu na ushee, nesi amefurahi. Msalimie sana wifi, wabusu watoto, na umfikishie salamu zangu binamu yetu dereva. Mungu akuzidishie pale ulipotoa, na mkono wako usipungukiwe.

Baridi imekwisha. Jana fundi alikuja kuzichomoa hita, nami nikamwambia Mama kwamba sasa anaweza kurudi chumbani kwake akapumzike. Alinitazama kama nimemtukana, akamfunika mjukuu vizuri, akaendelea kulala.

Mdogo wako akupendaye na kukushukuru,
Kiherehere