Nimechezea Mizani ya Ofisi, Sasa Dereva Ameacha Vidonge

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako, na naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujanitukana, maana najua utanitukana.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na minne, nina mume na watoto watatu, na kazi yangu ni kutunza masjala katika ofisi ya watu ishirini na wawili, yaani kila faili linaloingia na kutoka linapitia mikononi mwangu, kazi ya kukaa kutwa nzima, na kwa miaka kumi na mitano ya kukaa mwili umenijaa mpaka nikafika kilo themanini na sita na magoti yakaanza kunilalamikia kwenye ngazi. Mwanzoni mwa mwaka nikashikwa na tumbo la kuendesha, wiki mbili sili silali, na niliporudi kazini gauni linanipwaya, kilo sita zimekwenda. Katibu muhtasi akaniona mlangoni akapiga ukelele, "Shoga! Umefanyaje wewe?" na watu wakatoka vyumbani mwao kuja kunitazama, hata mkurugenzi akasimama na kikombe chake mkononi, na mimi badala ya kusema niliharisha, jambo ambalo, Shangazi, huwezi kumwambia mkurugenzi anakunywa chai, nikajikuta nimesema, "Nidhamu tu."

Neno hilo moja ndilo lililoniponza.

Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimeshachaguliwa mwenyekiti wa kikundi cha kupunguza uzito, kikundi ambacho asubuhi yake hakikuwepo. Mkurugenzi akaagiza mizani, ile ya kukanyaga yenye mshale, ikawekwa masjala chini ya uangalizi wangu, na ikaamuliwa kila Ijumaa saa nne tunapima mmoja mmoja, mhasibu anaandika ukutani, na atakayepungua anapigiwa makofi. Wakaniuliza wale nini. Sikujua, nikawaambia waache kifungua kinywa, mchana wanywe supu ya kabichi, jioni tunda, na mimi mwenyewe nikaanza hivyo hivyo, ila kufika saa kumi najifungia stoo ya mafaili ya zamani na pakiti ya biskuti, nikishamaliza moja najiambia siku imeshaharibika, basi namalizia na ya pili, nitaanza upya Jumatatu. Jumatatu nilizoanza upya, Shangazi, ni nyingi kuliko Jumatatu zilizopo kwenye kalenda.

Ijumaa ya pili niliwahi kazini nikajipima peke yangu, mshale ukasimama themanini na tatu. Kilo tatu zimerudi kwa siku saba! Na saa nne nipande mbele ya watu kama mwenyekiti! Nikaigeuza ile mizani, nikaona chini yake kuna kigurudumu kidogo cha kurekebishia mshale, na mkono wangu ukakizungusha, nasema mkono kwa sababu akili haikuwepo, mpaka nikasoma sabini na tisa. Mshale ukawa unaanzia nyuma ya sifuri, basi juu ya sifuri nikabandika karatasi niliyoandika VUA VIATU KABLA YA KUKANYAGA.

Nilidhani nimejiokoa mimi. Sikufikiri kwamba mizani ni ya wote. Saa nne ofisi nzima ikapungua kilo nne kwa wiki moja! Watu walikumbatiana. Katibu muhtasi alilia. Mhasibu, mtu ambaye akikuta senti moja imepotea halali, aliandika watu ishirini na mmoja wote wamepungua kilo nne nne na hakuinua hata unyusi. Mkurugenzi akasema jambo kama hilo haliwezi kupita kavu kavu, akatuma keki na soda, na tangu siku hiyo kila Ijumaa baada ya kupima tunakula keki kusherehekea kilo zilizopungua, na kila Ijumaa alfajiri mimi nazungusha kigurudumu kidogo zaidi ili kufunika keki ya Ijumaa iliyopita.

Sasa ni Ijumaa kumi na moja. Mizani inadanganya kilo kumi. Suruali zinawabana, wanamlaumu dobi, wanasema sabuni yake inarudisha nguo. Mhasibu amebadilisha dobi mara mbili.

Ingekuwa ni hayo tu ningenyamaza, Shangazi, lakini yupo dereva wa mkurugenzi, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, mpole, sisi tunamwita Usukani. Ana presha. Daktari alimpa vidonge vya kila siku na akamwambia apunguze kilo kumi. Usukani alianza na mia na nne, na mizani yangu leo inamwambia tisini na tano, lakini nikihesabu vizuri ana mia na tano. Mwezi uliopita alikuja masjala na mkewe. Yule mama akanishika mikono yote miwili akasema, "Dada, umenirudishia mume wangu. Usiku nilikuwa namsikiliza kama anapumua." Nikamwambia asante ni ya Mungu. Kisha Usukani akacheka akasema, "Na vidonge nimeviacha, dada. Vya nini tena? Kazi imefanywa na nidhamu."

Juzi alisimamisha gari ghafla kando ya barabara, mkurugenzi akiwa kiti cha nyuma, akainamia usukani dakika tano nzima. Alisema kizunguzungu, jua kali. Asubuhi ile kulikuwa na mawingu.

Mume wangu nimemwambia, kanitazama tu akasema, "Mama watoto, hilo la kwako," akageukia ukuta. Nimefikiria nirudishe kigurudumu nyuma kidogo kidogo, nusu kilo kila Ijumaa, watu wajue wanaongezeka pole pole bila mshtuko, na Usukani akiona anapanda atarudi kwenye vidonge mwenyewe bila mtu kuaibika. Unaonaje? Na ukishanijibu hilo naomba pia uniambie, kwa sababu sina mwingine wa kumuuliza, mtu anapunguaje kweli kweli, maana nina kilo themanini na nane sasa na magoti ni yale yale.

Ni mimi, Mwenyekiti


SHANGAZI ANAJIBU

Mwenyekiti, nianze kwa kuwaambia wasomaji kwamba barua hii haikungoja gazeti. Uliandika namba yako ya simu nyuma ya bahasha, na nilipofika kwenye yale mawingu nikakupigia. Ulipokea ukisema, "Masjala, habari za asubuhi," kwa sauti ya mtu asiye na dhambi.

Nilikuuliza, "Usukani yuko wapi saa hizi?"

Ukasema, "Yupo nje anafuta kioo, Shangazi. Wanatoka saa tano."

"Toka nje ukamwambie."

"Leo? Kwani ile ya kurudisha pole pole..."

Mwanangu, kwa hesabu yako ya nusu kilo kila Ijumaa, yule baba angefika kwenye ukweli baada ya wiki ishirini. Wiki ishirini barabarani, bila vidonge, na watu ndani ya gari. Ulitaka kumficha aibu nani? Yeye hana aibu yoyote, alikanyaga mizani kwa miguu safi. Aibu ni yako peke yako, na ulikuwa tayari kuilinda kwa mishipa ya kichwa chake. Nilikwambia hivyo, ukalia, nikakungoja umalize, kisha nikakwambia tena utoke nje. Ulitoka. Kwa hilo nakupongeza, na ndilo jambo pekee nitakalokupongezea leo.

Baadaye ulinieleza alivyopokea. Alikusikiliza kitambaa kikiwa mkononi, akauliza, "Zote tisa?" ukasema zote, na moja umeongeza juu. Akakaa kwenye ngazi ya mlangoni. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa nawaambia watoto wangu." Akampa katibu muhtasi funguo za gari, akaenda kituo cha afya kwa miguu. Wakampima, presha iko juu sana, wakamlaza siku mbili na vidonge vikaanza upya. Yuko hai. Mkewe hakushiki mikono tena, anakuamkia kwa mbali. Usimlazimishe. Msamaha hauna Ijumaa yake.

Ukafuata mkutano wa ofisi, na hapa nakiri nilicheka mpaka nikaweka simu chini. Umesimama mbele ya watu ishirini, Usukani akiwa bado amelazwa, umeungama, umekibandua kile kikaratasi mbele yao, na mkurugenzi anauliza kama tangazo hili haliwezi kusubiri, kwa kuwa ameshapeleka ripoti makao makuu kwamba ofisi imepungua kilo mia mbili kwa jumla. Mhasibu amekasirika kuliko wote, si kwa sababu ulimdanganya, ni kwa sababu anataka kilo zake zibaki ukutani kama zilivyo. Wakapiga kura. Kumi na wanne wakataka mizani ibaki inavyosoma, "kwa kuwa imetutia moyo." Basi hao waache na moyo wao, na yule dobi wa kwanza mtu amwombe radhi.

Waliobaki ni sita na wewe. Sikilizeni nyote saba, maana uliniuliza kupungua kweli kweli kukoje, na swali hilo lilikuwa la heshima kuliko yote uliyoandika.

Zile kilo sita za kwanza hukuzipunguza, uliugua. Nyingi zilikuwa maji, na maji yalirudi ulipopona, kama ilivyotakiwa. Hukushindwa kitu Ijumaa ile. Ulikuwa umepona! Ungesema hivyo, tusingefika hapa.

Supu ya kabichi itupeni. Mtu asiyekula asubuhi na mchana, saa kumi lazima atajifungia stoo na biskuti, na huo si ulafi, ni njaa. Kula asubuhi, kitu kinachokaa tumboni, yai na mkate ukipenda. Mchana na jioni jaza nusu ya sahani mboga, nusu nyingine igawane wanga na nyama au maharage, ukae mezani, ule pole pole. Soda na chai ya vijiko vinne vya sukari ndivyo vya kuanza navyo. Usivikate vyote leo kwa hasira. Toa kijiko kimoja wiki hii, kingine wiki ijayo, ulimi utazoea. Na usitafute kilo nne kwa wiki, hata siku moja. Nusu kilo ni nyingi. Wiki nyingine hutapungua chochote, utapanda gramu mia tatu kwa sababu ya chumvi au siku zako za mwezi, na siku hiyo ndiyo mkono unaanza kutafuta kigurudumu. Jipime mara moja kwa wiki, andika, ondoka. Mwezi mzima mshale ukigoma, pima kiuno kwa utepe, maana kiuno wakati mwingine kinatangulia.

Sasa hii ya Jumatatu. Umekula pakiti moja ya biskuti, siku imeharibika, kwa hiyo unakula ya pili. Mwanangu, ukivunja sahani moja jikoni unavunja na zilizobaki kabatini? Mlo mmoja mbaya ni mlo mmoja. Unaofuata uwe wa kawaida, hata kama ni jioni ile ile, bila kujifungisha njaa kwa adhabu. Kutakuwa na harusi, kutakuwa na msiba, kutakuwa na wiki ya mafua na wiki ya ugomvi na mume. Hizo si ajali za njiani, ndiyo njia yenyewe. Atakayefika ni yule anayerudi kwenye mlo unaofuata, na wala hatapigiwa makofi.

Magoti yako yasikupeleke mbio. Tembea dakika kumi na tano kila siku kwa wiki mbili, kisha ishirini. Umesema Usukani ameambiwa na daktari atembee taratibu jioni, na hana wa kutembea naye kwa sababu mkewe anarudi kutoka kazini usiku. Wewe unaogopa kumtazama usoni. Basi mtembee mkitazama mbele. Mwombe kwanza. Akikataa, tembea peke yako na umwombe tena mwezi ujao. Kwa daktari nenda na wewe, kilo themanini na nane na magoti yanayouma si jambo la kumalizwa na Shangazi wa gazetini.

Na uenyekiti ujiuzulu. Kundi la watu saba linahitaji mtu wa kupiga simu kuuliza, "Leo umetembea?" Halihitaji mwenyekiti.

Umefika mwisho wa barua. Nje bado kuna mwanga. Weka gazeti chini, vaa viatu, toka.